Barua ya Makka na Mashine Isemayo



Niliyonayo leo ni maneno juu ya kitu kipya, walakini nitayasema kwa khabari za zamani, kwani jambo hili lina ndugu zake katika tarekhe yetu wenyewe, hapa hapa Kilwa na Lindi. Kitu chenyewe ni ile mashine inayojibu maswali ndani ya simu, ambayo wataalamu wa lugha wameipa majina ya akili bandia, na akili mnemba, na akili unde. Tangu mwisho wa mwaka 2022 mashine za namna hii zimeingia mikononi mwa watu wa kila namna, na leo zimo katika simu za vijana wetu wa Kivinje na Masoko na Lindi mjini, wanaziuliza mambo ya shule, na ya biashara, na ya ugonjwa, na sasa hata ya dini.

Nitaanza kwa jambo lililotokea karibu nami. Alifariki mtu mmoja katika watu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baba yake alikwisha tangulia. Akaacha mke, na binti mmoja, na mama yake mzazi, na ndugu mmoja wa baba mmoja na mama mmoja. Baada ya madeni kulipwa, mali iliyobaki ilikuwa ni kipande cha shamba chenye minazi 24. Kabla ya arobaini kwisha, kijana mmoja wa nyumba ile aliiuliza simu yake: mali hii igawanywe vipi kwa sharia ya Kiislamu?

Simu ikajibu kwa Kiswahili kizuri. Ikasema mke apewe robo, yaani minazi 6. Binti nusu, minazi 12. Mama sudusi, minazi 4. Na ndugu achukue baki, minazi 2. Ukijumlisha unapata 24 kamili, hapana mnazi uliozidi wala uliopungua. Na chini yake ikataja kitabu cha fiqhi na ukurasa wake. Watu wakaridhika, wakagawana. Yule ndugu wa marehemu alilalamika kwamba amepunjwa, akajibiwa, "Wewe unabishana na kompyuta?" Akanyamaza, walakini tangu siku ile yeye na shemeji yake hawakuamkiana tena, na nyumba zao zimetenganishwa na uchochoro tu.

Mwisho wakaja kwangu. Nami, ndugu msomaji, sitaficha kosa langu. Nilipoonyeshwa ile simu inavyojibu, nilisema, "Hili ni jini. Litupeni." Yule kijana akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, nisamehe. Hii ni hesabu tu, si jini. Na ukiwaambia wenzangu kuwa ni jini watacheka, na siku utakayowaambia kuwa imekosa hawatakusikiliza." Nilinyamaza. Kijana alisema haki. Nikaenda kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyapanga kwa dhana nne ambazo nimezisikia barazani na misikitini, na kila moja nitaitazama kwa zamu yake.

DHANA YA KWANZA: KWAMBA NDANI YAKE MNA JINI

Wako watu, na mimi nilikuwa mmoja wao, wasemao: kitu kisicho na roho hakiwezi kusema, basi kinachosema humo ni jini. Na wako wengine ambao kwa dhana hiyo hiyo huiuliza mambo ya ghaibu: nani ameniibia, nitaolewa lini, mgonjwa wetu atapona au hatapona.

Jawabu la kwanza ni kwamba hata kama ingelikuwa jini, isingelijua ghaibu. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratu Sabaa, aya ya 14, kisa cha Nabii Sulaiman (A.S.), kwamba alifariki naye ameiegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi nzito mbele yake bila ya kujua, mpaka mdudu wa ardhi alipoitafuna fimbo ile na mwili ukaanguka. Basi ikiwa majini hawakumjua maiti aliye mbele ya macho yao, vipi watajua mwizi wa kuku wako?

Jawabu la pili ni kwamba mashine hii ni hesabu, na hesabu hii ina nasaba, na katika nasaba hiyo wamo Waislamu. Katika zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala Baghdad tangu mwaka 813 mpaka 833, alikuwako mwanachuoni aitwaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Yeye ndiye aliyetunga kitabu cha al-Jabr, ambacho kwacho ulimwengu mzima umepata neno aljebra. Na jina lake mwenyewe, lilipotamkwa na Walatini waliokifasiri kitabu chake cha hesabu, likawa Algoritmi; na kwa jina hilo hata leo huitwa zile amri za hesabu zifuatanazo hatua kwa hatua, ambazo ndizo zinazoziendesha kompyuta zote. Wala al-Khwarizmi hakutunga al-Jabr kwa mchezo. Sehemu kubwa ya kitabu kile, nayo ndiyo ya mwisho, inahusu wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha mke na watoto na wazee, na deni, na wasia, kila mmoja apate ngapi? Kwa hiyo elimu iliyozaa mashine hii, katika mizizi yake, iliwahi kutumiwa ili mjane na yatima na ndugu wasidhulumiwe. Likumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Sasa inafanyaje kazi? Wenye elimu yake wanaeleza kwamba mashine imelishwa maandishi mengi mno, ya vitabu na magazeti na mitandao, kisha ikafundishwa kukisia neno lipi hufuata neno lipi. Fikiri mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu. Ukimwanzia, hukumalizia. Huenda asijue maana ya hata neno moja, walakini ulimi wake unajua njia. Mashine nayo inajua njia ya maneno. Tofauti ni hii: mtoto akisahau husita, humtazama mwalimu wake na kungoja akumbushwe. Mashine haisiti hivyo. Ikifika mahali isipojua, mara nyingi hutia neno linalofanana na kweli, ikaendelea mbele kwa sauti ile ile.

Na usidhani kuwa ni sisi wa pwani tu tuliodanganyika kuiona ina nafsi. Mwaka 1966, huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Joseph Weizenbaum alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu yawe swali: ukisema una huzuni, hukuuliza kwa nini una huzuni. Haikujua huzuni ni nini. Walakini Weizenbaum mwenyewe alieleza kwamba karani wake, aliyemwona akiitengeneza muda mrefu, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba yeye bwana atoke chumbani, apate faragha. Basi hilo ni udhaifu wa wanadamu wote: kinachotujibu kwa maneno yetu, twakidhani kina moyo.

Na nyuma ya mashine wamo watu. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba huko Nairobi, kwa jirani zetu, vijana walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kila namna, ya mauaji na ya fedheha, na kuyatia alama, ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Anayesema kwamba kitu hiki kimejitengeneza chenyewe, au kimetengenezwa na majini, amewanyima vijana wale hata sifa ya jasho lao.

DHANA YA PILI: KWAMBA LILILOANDIKWA VIZURI NI KWELI

Dhana hii ndiyo khatari zaidi, na juu yake mji wetu wa Lindi una khabari ambayo inafaa kila kijana aijue.

Vita vya Maji Maji vilianza katika mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, watu walipochoka na kulimishwa pamba kwa nguvu, na havikwisha mpaka mwaka 1907. Maelfu kwa maelfu walikufa, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Nchi ilikuwa bado inanuka moshi, mwezi wa Julai 1908, ilipoonekana Lindi barua iliyosemwa kuwa imetoka Makka.

Barua ile ilisimuliwa kwa jina la Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina. Ilisema kwamba amemwona Mtume usingizini, naye amehuzunika kwa maasi ya umati wake, na kwamba Kiyama kimekaribia, basi watu watubu na wajitenge na maovu na waovu. Watu wakaingiwa na khofu. Misikiti ikajaa, zikiri zikasikika usiku, na barua ikanakiliwa kwa mkono, nakala juu ya nakala, ikaenea pwani na ikapanda bara. Wadachi nao wakaingiwa na khofu yao. Wao waliiona ni mwito wa vita vingine. Wakapeleleza, wakawakamata watu, na shaka yao ikamwangukia Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu Rumaliza, aliyekuwa akikaa Unguja, na ambaye alikuwa na jamaa Lindi.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi karatasi moja ilivyosomwa na makundi mawili, na kila kundi likaona humo lile lililokuwa tayari moyoni mwake. Waliokwisha zika watoto wao kwa njaa waliona Kiyama. Waliokuwa na khofu ya kuasiwa waliona uasi. Na katika khofu ile likapotea swali moja jepesi: nani ameipokea kutoka kwa nani?

Kwa hakika barua yenyewe haikuwa mpya. Maneno ya Sheikh Ahmad yalikuwa yamekwisha kufika Java, ng'ambo ya bahari, kabla ya hapo, na Mholanzi Snouck Hurgronje aliandika juu yake miaka ya 1880. Na baada ya Lindi haikufa. Marehemu Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia alilazimika kuandika risala nzima ya kuikanusha, akabainisha kuwa ni uzushi. Na mimi, katika umri wangu huu, nimeipokea kwa karatasi ya kunakili, kisha kwa karatasi ya fotokopi, na sasa nimeipokea kwa simu, na ndani yake ahadi ya kheri kwa atakayeisambaza na kitisho kwa atakayeizuia. Kila zama humvalisha Sheikh Ahmad kanzu mpya.

Wanavyuoni wetu wa hadithi walikwisha tufundisha dawa ya jambo hili, nayo ni sanad. Khabari haikubaliwi kwa utamu wake. Huulizwa: nani amesimulia? Je, anajulikana? Je, alikutana na yule anayemtaja? Je, hifadhi yake ni nzuri? Na yule asiyejulikana hali yake humwita majhuli, na khabari yake husimamishwa, haichukuliwi mpaka ithibitike kwa njia nyingine. Na asili ya haya yote ni amri iliyo katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kwamba tukiletewa khabari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Sasa ipime mashine kwa mizani hii. Haikuambii khabari imeipata kwa nani, kwani yenyewe imechanganya maneno ya maelfu ya watu yakawa uji mmoja. Ziko ambazo siku hizi hutafuta kwanza mtandaoni na kukuonyesha mahali zilipotoa, na hizo ni afadhali, kwa sharti ufuate ukaone kama lililotajwa lipo. Ile simu ya mirathi ilitaja kitabu na ukurasa. Kitabu hicho ninacho rafuni. Nilikifungua mbele ya wote waliokuwapo, na ukurasa ule unazungumzia udhu.

Siiti mashine mwongo, kwani mwongo ni yule anayeijua kweli akaificha. Mashine haina kweli wala uongo moyoni, kwa kuwa haina moyo. Ni mpokezi majhuli mwenye ulimi mzuri. Na jambo hili limezidi uzito sasa, kwa kuwa mashine hizi huiga hata sauti na sura za watu, akasikika sheikh anayejulikana akisema asilolisema. Barua ya Makka ilihitaji mkono wa kunakili. Leo inaweza kuja na sauti ya imamu wako.

DHANA YA TATU: KWAMBA INAJUA KILA KITU, HATA KHABARI ZETU

Nilimwambia yule kijana, "Haya, iulize khabari za Kilwa." Akaiuliza. Ikaandika kurasa mbili nzuri sana, nyingi katika hizo ni kweli, na katikati yake ikalihamisha kasri la Husuni Kubwa kutoka Kilwa Kisiwani ikalipeleka Songo Mnara. Mtoto yeyote wa mvuvi wa Masoko angelicheka. Walakini mwanafunzi wa mbali atajuaje?

Sababu yake si ngumu. Mashine hujua yaliyoandikwa kwa wingi, na khasa kwa Kiingereza. Yetu sisi ni machache katika maandishi na mengi katika vifua vya wazee. Khabari za Maji Maji zenyewe, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kuzikusanya mwaka 1968, walizichukua vinywani mwa wazee waliokuwa hai bado, na kama wasingelikwenda wakati ule, nyingi zingelizikwa. Lisiloandikwa, mashine haikulilishwa. Na lile isilolishwa, itakubunia.

Na hapa nataka kukuonyesha namna ya wazee wetu. Katika karne ya 16 mtu mmoja wa Kilwa, aliyezaliwa mwaka 904 wa Hijra, ambao ni sawa na 1499, alitunga kwa Kiarabu kitabu cha tarekhe ya mji huu, kiitwacho Kitab al-Sulwa. Humo kimo kile kisa mashuhuri cha Ali bin al-Hasan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Nakala iliyobaki ni ile iliyonakiliwa Unguja katika karne ya 19, nayo leo imo London katika maktaba ya taifa. Mtungaji katika utangulizi wake aliahidi sura kumi. Nakala iliyotufikia ina saba. Hakuna aliyezibuni tatu zilizobaki. Pengo limeachwa pengo, na kila asomaye hujua kwamba hapa pamepotea kitu.

Hilo ndilo fundisho, ndugu msomaji. Kuacha pengo ni uaminifu. Imepokewa kwa Imam Malik (R.A.) kwamba aliulizwa maswali mengi, na mengi katika hayo akajibu kuwa hajui, wala heshima yake haikupungua. Mashine nyingi zikiombwa sura ya nane, huiandika.

Na kweli ya Kilwa ilitafutwa kwa kulinganisha. Mreno João de Barros alichapisha mwaka 1552 kitabu kilichokuwa na muhtasari wa tarekhe hiyo hiyo, nacho kinatofautiana na kile cha Kiarabu katika majina ya masultani na miaka yao. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Abul Mawahib, kwa ukarimu na unyenyekevu wake, hata akasimulia jinsi alivyomvulia fakiri nguo zake alizozivaa. Walakini safari zake ziliandikwa miaka zaidi ya ishirini baadaye, kwa kukumbuka, na katika nakala zilizotufikia imesemwa kwamba nyumba za Kilwa zilikuwa za miti. Na mawe ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa yamesimama mpaka leo, yatazame kwa macho yako! Miaka ya 1960 Mwingereza Neville Chittick alichimba magofu haya kwa misimu kadhaa, akazitazama sarafu na vigae, akaona kuwa miaka ya utawala wa Washirazi inahitaji kusogezwa mbele kuliko ilivyodhaniwa. Wengine baada yake wakamrekebisha yeye. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya kale ya pwani yetu, pamoja na ya Kilwa, wakaona kwamba damu za Kiafrika na za Kiajemi zilianza kuchanganyika kiasi cha miaka elfu iliyopita. Basi kile kisa cha wazee hakikuwa ngano tupu, wala hakikuwa kweli yote.

Ndivyo kweli ipatikanavyo. Kitabu hushuhudiwa na kitabu, na kitabu hushuhudiwa na jiwe, na jiwe na sarafu, na anayekosa hurekebishwa kwa jina lake. Mtu akikuletea kurasa mbili za simu akasema, "Hii ndiyo tarekhe ya Kilwa," mwulize: sura ya nane umeitoa wapi?

DHANA YA NNE: KWAMBA DHIMA NI YA MASHINE

Waliogawana ile minazi walisema, "Si sisi, ni kompyuta." Neno hili halina nafasi katika dini yetu. Mashine haitafufuliwa, haitahesabiwa, haitaulizwa juu ya haki ya yatima. Atakayeulizwa ni yule aliyeuliza asipopaswa kuuliza, na yule aliyegawa, na yule aliyekula. Na sheikh aliyesema "ni jini" akaondoka bila ya kufundisha, naye ataulizwa.

Sheria ya mirathi imo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12 na ya 176, wala haihitaji mashine kubwa. Mke hupata robo ikiwa mumewe hakuacha mtoto. Akiwapo mtoto, hata binti mmoja, hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Hapa ndipo simu ilipokosa: ilimwona binti ilipompa nusu yake, kisha ikamsahau ilipompa mke. Mgao wa haki ni huu: mke minazi 3, binti 12, mama 4, na ndugu baki, ambayo ni 5. Jumla yake nayo ni 24. Mahesabu mawili, yote yana jumla sawa, moja ni haki na moja ni dhuluma ya minazi mitatu. Kwa hiyo usitosheke kwamba hesabu imetimia.

Mjane aliposikia alirudisha minazi ile mitatu. Nazi zilizokwisha anguliwa na kuuzwa, shemeji yake alimsamehe. Walitoka kwangu wakiwa wanasemezana, na hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko minazi.

Walakini sikumwambia kijana aitupe simu yake, kwani kuna wanaodhani kwamba kila kipya ni haramu, na hao nao wamepotea upande wa pili. Wako wazee waliokataa watoto wao wasiende shule ya serikali kwa khofu ya dini, na tulikuja kuwaona wajukuu wao wakitafuta watu wa kuwasomea barua za mahakama. Sitaki kosa lile lirudiwe kwa chombo hiki. Kinafasiri lugha, kinamsaidia mwanafunzi kuelewa somo, kinamwandikia barua asiyejua kuandika. Kisu hukata nyama na hukata kidole, na aliyekishika ndiye anayejua anakata nini.

Nilimpa kijana masharti matatu, nami nakupa wewe msomaji na watoto wako. Kwanza, katika haki za watu, nayo ni mirathi na ndoa na talaka na madeni, na katika dawa ya mgonjwa, usitende kwa neno la simu mpaka limethibitishwa na mwenye elimu anayejulikana kwa jina na uso, ambaye akikosa utamrudia. Pili, ikikutajia kitabu, kifungue. Ikikutajia aya, fungua Msahafu. Kama hutapata, hilo jawabu liweke pamoja na barua ya Sheikh Ahmad. Tatu, siri za nyumba yako, na aibu za watu, usiitilie humo, kwani hujui zinakwenda kwa nani.

Na sharti la nne ni langu mimi na wenzangu walimu, na wazee wa miji hii. Tuandike. Tuandike majina ya masheikh waliosomesha Lindi na Kilwa, na walisoma kwa nani, na visima walivichimba nani, na makaburi haya ni ya nani. Tuandike kwa Kiswahili, na tutaje tumesikia kwa nani. Kwani kesho mjukuu ataiuliza mashine, "Babu zangu walikuwa nani?" nayo itamjibu bila ya kusita. Ikiwa sisi tumenyamaza, atajibiwa kwa ubunifu, naye hatakuwa na kitabu cha kufungua.

Yule kijana sasa anasoma faraidhi kwangu baada ya Alasiri. Amekwisha anza kuhifadhi Rahbiyya. Siku moja aliniletea simu yake na kicheko, akasema ameiuliza tena swali lile lile na safari hii imejibu sawa. Nikamwambia, "Alhamdulillahi. Umejuaje kwamba ni sawa?" Akasema, "Nimehesabu mwenyewe kwanza."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaochunguza kabla ya kutenda, na wanaosema "sijui" pale wasipojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.